Nimefuatilia utumishi wa konstebo wa London wa enzi za Malkia Victoria, babu wa ukoo wa mume wangu. Njia niliyopita hii hapa

Mleta uzi (Mtanga, niko Uingereza)

Wanajamvi, salaam. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie jioni.

Mama mkwe wangu alihama kutoka nyumba ya ghorofa kwenda kijumba cha chini kwa ajili ya magoti, na mimi ndiye niliyefungasha vyombo vyake. Ndani ya kopo la biskuti lililojaa vifungo na reli za uzi nikakuta medali ya shaba. Nzito kwa umbo lake. Upande mmoja Malkia Victoria na taji na ushungi wake, upande wa pili shada la majani, jina la Polisi wa Metropolitan, yaani polisi wa London, na Jubilei ya 1887, miaka hamsini ya utawala wake. Juu yake kuna kipande chembamba cha shaba kimeandikwa 1897.

Nikamuuliza, "Mama, hii ya nani?" Akasema ni ya baba wa babu yake, aliyekuwa mkaguzi wa polisi London, na ndiye aliyemsaka Jack the Ripper, yule muuaji wa wanawake wa London ambaye hakupatikana. Hivyo ndivyo alivyosimuliwa utotoni. Maana yake mume wangu ni kilembwe wa mzee huyo, na wanangu wawili ni vilembwekeza. Mimi kwetu nimekuzwa nikijua majina ya ukoo hadi mtu wa saba, nikaona aibu wanangu wasijue hata huyu alitokea kijiji gani.

Nikaigeuza medali ukingoni, kwenye ule unene wake. Kuna maandishi yamechongwa, madogo, yamelika kwa kusuguliwa. Nikawasha tochi ya simu na kuilaza kwa pembeni ndipo yakasomeka: kifupi cha cheo cha konstebo, herufi ya kwanza ya jina, jina la ukoo, halafu K na kifupi cha neno divisheni. Si mkaguzi. Konstebo wa Divisheni K.

Nikawaza labda alipanda cheo baadaye. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta, na imenichukua miezi kumi na moja. Jina lake sitaliandika hapa, nitamwita Babu tu.

Mchangiaji (Morogoro)

Dada nimeweka kambi. Swali moja kabla hujaendelea: Divisheni K ni nini? Ni kama mkoa wa kipolisi?

Mleta uzi

Ndiyo mkuu, karibu hivyo. Polisi wa Metropolitan walianza doria tarehe 29 Septemba 1829, kwa sheria iliyopitishwa mwaka huohuo wakati Robert Peel akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Eneo lao likagawanywa kwa herufi. A ilikuwa Whitehall, H ilikuwa Whitechapel, L Lambeth, R Greenwich. K ilishika upande wa mashariki, Stepney na kuendelea hadi Poplar na Bow, kule kwenye magati na viwanda. Mwaka 1865 ziliongezwa W, X na Y, na J ya Bethnal Green ikaja 1886. Kuanzia 1860 polisi hao hao wa London walilinda pia viwanda vya meli za kivita: Woolwich, Portsmouth, Devonport, Chatham na Pembroke. Kwa hiyo mtu akikwambia babu yake alikuwa polisi wa London lakini watoto wamezaliwa Pembroke kule Wales, usimkatalie.

Sasa hapa ndipo pana jambo lililonipotezea miezi minne, naliandika taratibu ili lisimpoteze mwingine. Askari wa Metropolitan alikuwa na namba mbili. Ya kwanza ni namba ya kola, iliyoshonwa shingoni pamoja na herufi ya divisheni. Hiyo ni ya mahali, si ya mtu. Akihamishwa anaiacha, na mwingine anaivaa. Ya pili ni namba ya waranti, anayopewa siku anaapishwa, na hiyo ni yake peke yake, haipewi mtu mwingine hata akiacha kazi au akifa. Namba ya waranti nambari moja ya mwaka 1829 alipewa William Atkinson, na alifukuzwa kwa ulevi siku hiyohiyo. Namba haikurudishwa dukani.

Mimi nilianza kwa namba ya kola. Niliipata kwenye habari ya gazeti, nikaibeba kama nimepata dhahabu, kumbe nilikuwa nafuata watu watatu tofauti walioivaa kwa nyakati tofauti. Mmoja wao alikufa kwa homa ya mapafu, na nilishamwombea.

Mchangiaji (Leeds)

Dada amesema kweli kabisa, na mimi naongezea kwa kuwa nimeshawasaidia watu kadhaa huku. Kabla hujagusa nyaraka hakikisha babu alikuwa jeshi lipi la polisi. Wengi wanasikia "polisi wa London" wanakimbilia Metropolitan. Ile maili moja ya mraba katikati, yenye mabenki, ina polisi wake tangu 1839, na nyaraka zao ziko kwenye hifadhi ya jiji la London, si kule Kew kwenye Hifadhi ya Taifa. Nje ya London kila kaunti na kila mji ulikuwa na polisi wake. Miji ilitakiwa kuwa na polisi kuanzia 1835, kaunti ziliruhusiwa 1839, na sheria ya 1856 ndiyo iliyolazimisha kila kaunti iwe na polisi. Nyaraka za hao ziko kwenye hifadhi za kaunti, na sehemu nyingine zimepotea. Askari wa Ireland wana mfululizo wao wa nyaraka, HO 184, na huo uko Kew.

Na muwe macho na neno lenyewe. Ukitafuta mtandaoni "polisi wa Victoria" utaletewa rundo la nyaraka za jimbo la Victoria kule Australia.

Mchangiaji (Mombasa)

Mie naomba kuelezwa, hivi shemeji yetu huyo Babu alipatikana vipi? Ulianza na karatasi gani? Maana jina la ukoo la Kizungu laweza kuwa la watu elfu.

Mleta uzi

Nilipoiacha ile namba ya kola nilianza upya na vyeti. Uingereza na Wales wamekuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu Julai 1837. Cheti cha ndoa cha Babu, 1884, kilikuwa na kazi yake, konstebo wa polisi, na jina na kazi ya baba yake, kibarua wa shamba. Hicho cheti kimoja kilinitenganisha na watu wengine wote wenye jina lile.

Halafu nikaenda kwenye sensa. Wenzetu walihesabiana kila miaka kumi, na vitabu vya nyumba kwa nyumba vinasomeka hadi 1921. Sensa ya Aprili 1881 nilimkuta Poplar, kwenye bweni la polisi makapera. Ukurasa mzima ni vijana wa miaka ishirini na kitu, kila mmoja konstebo, na ukisoma safu ya mahali pa kuzaliwa hakuna London karibu hata mmoja: Suffolk, Norfolk, Essex, Devon, Ireland. Makamishna wa mwanzo, Rowan na Mayne, walipenda kuajiri vijana wa mashambani, wenye miili ya kazi na wasio na ndugu mitaani. Babu alikuwa wa Suffolk. Mama mkwe alidhani ukoo wao ni wa London tangu na tangu.

Kutoka hapo sasa ni Kew.

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Kew, magharibi mwa London, unashuka kituo cha treni unatembea kidogo. Kuingia ni bure. Ukitaka kushika nyaraka halisi unatengenezewa kitambulisho cha msomaji, kwa hiyo nenda na uthibitisho wa jina na wa anwani. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Picha unapiga kwa simu yako bila malipo ila bila mwanga wa flashi. Agiza mapema kabla hujafika.

Nyaraka za Metropolitan zinaanza na herufi MEPO. Hizi ndizo nilizozitumia:

MEPO 4 ndimo zilimo rejista za walioingia, kuanzia Septemba 1830 hadi Aprili 1857, halafu Julai 1878 hadi 1933. Mnaona hilo pengo? Aliyeingia katikati hapo hayumo kwenye rejista hiyo. Leja za viapo zinaanza 1869 na zinaziba sehemu ya mwisho, lakini aliyeapishwa kati ya 1857 na 1869 itabidi umkamatie mlango wa kutokea, yaani pensheni. Humo humo MEPO 4 kuna vyeti vya utumishi vya walioacha kazi kati ya 1889 na 1909, na hivyo ndivyo vyenye utamu.

MEPO 21 ni pensheni, tangu 1852. MEPO 7 ni Amri za Polisi, yale matangazo ya ndani: nani kahamishwa, nani kapandishwa, nani kaadhibiwa, nani kazawadiwa.

Babu aliapishwa 1879, kwa hiyo yumo kwenye rejista. Namba yake ya waranti ina tarakimu tano. Nilipoipata niliiandika kiganjani kwa penseli, sikuamini karatasi.

Mchangiaji (Dodoma)

Uzi mzuri, lakini naomba niulize kwa nia njema. Babu zetu wenyewe tumewaandika? Huyu ni askari wa ile dola iliyokuja kututawala. Nguvu zote hizi kwa mzee wa Kizungu?

Mleta uzi

Mkuu, swali lako nalipokea na sijalikasirikia. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi Pangani. Nilichonacho juu yake ni sauti ya bibi yangu, nilimrekodi 2009 kwenye simu ya kitochi, dakika kumi na nne. Nimeshaiandika neno kwa neno na iko kwenye daftari moja na haya. Wanangu wana damu ya pande zote mbili. Wa Pangani ameachiwa midomo ya watu, wa Poplar ameachiwa makaratasi, na mimi nachukua kila mmoja kwa kile alichoachiwa. Na huyu wa Poplar hakuwahi kutoka Uingereza. Alikuwa mtoto wa kibarua aliyetafuta mshahara wa uhakika.

Mchangiaji (Dodoma)

Nimekuelewa dada. Endelea.

Mchangiaji (Nairobi)

Tuambie kuhusu Jack the Ripper, tafadhali. Alimsaka ama hakumsaka?

Mleta uzi

Hilo nililifanyia kazi peke yake, kwa sababu mama mkwe alikuwa ananiuliza kila Jumapili.

Mauaji yale ni ya vuli ya 1888 na mengi yalikuwa Whitechapel, yaani Divisheni H, si K. Lakini mipaka ilikuwa inakatana kila mahali. Mary Ann Nichols aliuawa Buck's Row tarehe 31 Agosti, na konstebo aliyemkuta kwenye lindo lake ni John Neil, namba 97 wa Divisheni J. Catherine Eddowes alikutwa Mitre Square na Edward Watkins, na huyo alikuwa polisi wa Jiji, ile maili moja ya mraba, wala si Metropolitan. Mnaona, mauaji yanayosimuliwa kama kitu kimoja yalishikwa na majeshi mawili ya polisi. Askari wa divisheni nyingine walipelekwa kuongeza nguvu Whitechapel, kwa hiyo hadithi ya familia haikuwa ya ajabu.

Cheti cha utumishi cha Babu kinataja divisheni moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: K. Amri za Polisi za miezi ile nimezisoma jalada zima, siku mbili, na jina lake halimo kwenye waliopelekwa. Kwa hiyo kwenye daftari la watoto nimeandika kwamba mwaka 1888 alikuwa akilinda Poplar usiku, wakati London mashariki nzima imejaa hofu. Hilo nina ushahidi nalo.

Mchangiaji (Leeds)

Hapo umefanya vizuri. Karibu kila familia ya polisi wa London ina hadithi ya Ripper.

Mchangiaji (Arusha)

Hicho cheti cha utumishi kina nini hasa? Umesema ndicho chenye utamu halafu ukakaa kimya.

Mleta uzi

Samahani mkuu, nilikuwa zamu.

Ni karatasi moja ya kuchapwa yenye nafasi za kujazwa kwa mkono. Inamweleza mtu tangu unyayo hadi kichwa. Babu alikuwa futi 5 na inchi 9 na robo tatu, na ujue kigezo cha mwanzo cha 1829 kilikuwa futi 5 na inchi 7. Nywele kahawia, macho ya rangi ya kijivu, ngozi ya mtu wa juani. Kazi ya awali: kibarua. Jina la mwajiri wa mwisho, mkulima wa Suffolk, na kijiji chake. Kapera. Chini yake daktari ameandika kuwa anafaa. Halafu zinakuja tarehe za divisheni, za kupandishwa na za kushushwa cheo, na sababu ya kuondoka.

Nilikuwa nimejiandaa kuona "konstebo" mwanzo hadi mwisho. Nikakuta mstari: sajenti, 1891. Moyo ukaruka. Mstari unaofuata, 1893: ameshushwa kuwa konstebo.

Nikatoka nje, kuna bwawa mbele ya lile jengo, nikakaa kwenye benchi. Sikujua nitamwambiaje mama mkwe.

Sababu haikuandikwa pale. Ila nilikuwa na tarehe, na ukiwa na tarehe Amri za Polisi zinafunguka. Niliagiza jalada la MEPO 7 la mwaka ule. Ni mistari miwili katikati ya orodha ya adhabu za siku hiyo, baina ya askari aliyekutwa amekaa na mwingine aliyechelewa zamu: jina lake, divisheni, kanywa akiwa kazini, ashushwe cheo. Mistari miwili.

Kisha nikapata jambo jingine ambalo sikulitafuta. Kwenye vyeti vya vifo vya Poplar, wiki tatu kabla ya tarehe ile, kuna mtoto wao wa kike wa miezi minane. Sijaandika popote kwamba hili limesababisha lile. Nimeziweka tarehe mbili kwenye ukurasa mmoja basi.

Mchangiaji (Mombasa)

Innalillahi. Mungu awarehemu.

Mchangiaji (Kigoma)

Dada umenitoa machozi mchana huu ofisini. Aliacha kazi?

Mleta uzi

Hakuacha. Alikaa mpaka 1904, miaka 25 kamili, akatoka na pensheni. Sheria ya Polisi ya 1890 ndiyo iliyofanya pensheni baada ya miaka 25 iwe haki. Kabla ya hapo ilitegemea wakubwa wapende. Na kile kipande cha 1897 kwenye medali kilitolewa kwa wale waliokuwa na medali ya 1887 na wakawa bado kazini kwenye Jubilei ya pili. Kwa hiyo miaka minne baada ya kushushwa cheo alikuwa amesimama barabarani Juni ile, konstebo wa miaka karibu arobaini.

Usiku zamu ilianza saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, mtu na lindo lake, anatembea mwendo uleule wa taratibu anasukuma kila mlango kuona kama umefungwa. Alipoanza kazi walibeba kile kidude cha mbao kinachozungushwa kikakereza ili kuita msaada, filimbi zikaja katikati ya miaka ya 1880. Fanyeni hesabu ya usiku wa miaka 25.

Mchangiaji (Dar)

Kwa sisi tusioweza kufika Kew kuna cha kufanya?

Mleta uzi

Kipo, tena kizuri. Kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey za 1674 hadi 1913 ziko mtandaoni bure, unatafuta kwa jina. Askari walitoa ushahidi sana, na wachapaji waliweka herufi ya divisheni na namba ya kola kando ya jina. Nilimpata Babu mara mbili. Kesi moja ni ya mtu aliyekuwa anapitisha fedha bandia kwenye baa. Maneno yake yamechapwa kwa nafsi ya kwanza: alisimama wapi, saa ngapi, yule mtu alitupa nini kwenye mtaro, na yeye aliingiza mkono kwenye maji machafu akazitoa shilingi mbili. Mume wangu aliisoma kwa sauti mezani, watoto wakanyamaza kimya. Hapa namba ya kola inasaidia kweli, maana unajua mwaka na divisheni, huwezi kumchanganya na mwenzake.

Cha pili ni madaftari ya Charles Booth, yule aliyechora ramani ya umaskini wa London. Mwishoni mwa miaka ya 1890 yeye na wasaidizi wake walitembea mitaa na askari wa eneo hilo, wakiandika kila mtaa una nini. Madaftari yamepigwa picha na yako wazi kwenye tovuti ya chuo cha LSE. Askari aliyewatembeza Poplar hakuwa Babu, lakini mitaa ni ileile aliyoilinda.

Rejista za pensheni nyingi zipo kwenye tovuti za ukoo za kulipia. Kabla hujalipa ulizia maktaba ya umma kama uko huku, nyingi zinakufungulia bure ukiwa ndani.

Mchangiaji (Leeds)

Na leja za viapo, ulizifikia?

Mleta uzi

Nilizifikia mwisho kabisa, ziara ya nne. Zina saini. Yule kibarua wa Suffolk wa miaka ishirini na moja ameandika jina lake polepole, herufi moja moja, na kwenye herufi ya mwisho kalamu imekwama ikaacha doa la wino kama punje ya mtama. Nililipiga picha doa lile kuliko kitu kingine chochote.

Mchangiaji (Arusha)

Mama mkwe alisemaje kuhusu kile cheo?

Mleta uzi

Nilimpelekea vyote Jumapili moja, nikamsomea mwenyewe, kwa utaratibu. Kwenye ile mistari miwili nilisita, akaniambia endelea mwanangu. Nilipofika kwa yule mtoto wa miezi minane alinishika mkono. Akauliza alikuwa anaitwa nani. Nikamtajia. Akasema ndilo jina la pili la mama yake mzazi, na hakuna aliyewahi kumwambia limetoka wapi.

Aliomba nakala ya ule ukurasa wa Amri za Polisi. Ameukunja na kuutia kwenye kopo la biskuti pamoja na medali. Cheti cha mtoto amekiweka ndani ya Biblia.

Jumamosi hii, mvua ikikatika, tunakwenda Poplar na watoto, na daftari la Booth kwenye simu. Nitaweka picha za mitaa iliyobaki.